Mama Chapa Anachagua Laptopu

Benchi la kijiwe hiki lina miguu mitatu na tofali, na anayekaa upande wa tofali huongea kwa tahadhari, isipokuwa Fundi Waya, ambaye hajawahi kufanya lolote kwa tahadhari. Hatua mbili kutoka hapo ipo meza ya Mama Chapa, anayewaandikia watu barua na maombi ya kazi. Leo ni siku ya nne hiyo meza haina kazi, maana laptopu yake imekata roho. Asubuhi binamu yake mwenye duka ng'ambo ya barabara alimwazima mbili azijaribu, moja mpya nyembamba inayong'aa, nyingine nene iliyotumika, akamwambia: "Saa sita nirudishie moja, ya pili ni yako." Kosa la Mama Chapa lilikuwa kuzipitisha kijiweni.

— Lete nizipime, alisema Tani Kumi, dereva wa lori. Akazinyanyua, moja kila mkono, akafumba macho. — Hii nyembamba haina kitu ndani. Umeuziwa kifuniko.

— Sijauziwa, nimeazimwa.

— Basi umeazimwa kifuniko.

Profesa, karani mstaafu aliyejipa cheo hicho mwenyewe, alivua miwani.

— Wewe unapima laptopu kama magunia ya saruji! Wembamba ndiyo maendeleo. Wataalamu wanasema.

— Wataalamu gani?

— Hao hao wanaosema.

Mama Chapa alimtazama asimmalize. Laptopu iliyokufa ilikuwa nyembamba pia, na aliyemshauri ni huyu huyu Profesa. Kuichapia kulikuwa sawa na kugonga meza, mpaka vidole viwili vya mkono wa kulia vikawa vinamuuma hata akimenya kitunguu. Betri ilipovimba, ikaonekana imebandikwa kwa gundi. Fundi Waya, ambaye kazi yake ni pasi na redio, akajitolea kuitoa. Ikatoka kweli, na laptopu isiwake tena. Skrubu tatu zilimbaki mkononi.

— Zile skrubu zilikuwa za akiba, alisema Fundi Waya, kana kwamba ameulizwa. — Kiwandani huwa wanazidisha. Lakini angalia hii nene: chini ina skrubu nane, zote nje nje. Hii haina siri. Yenye gundi ina jambo inaficha.

— Gundi ni kinga! alidakia Profesa. — Virusi vitapita wapi kama pamezibwa? Hivyo vitundu vya skrubu ndiyo milango yao.

— Mwenye kupita kwenye vitundu ni mende, Profesa.

— Mende ni dalili.

Tani Kumi aliwanyamazisha kwa kiganja.

— Nyie hamjui kitu. Kila mashine inazaliwa na idadi yake ya hitilafu. Hii iliyotumika imeshaharibikia kwa mwenyewe wa kwanza. Zimemwishia kule! Mama Chapa anachukua mabaki, na mabaki ni uzima mtupu.

— Lori lako limetumika miaka ishirini, mbona tangu jana limelala pale barabarani? aliuliza Fundi Waya.

— Lile lilizaliwa na nyingi.

Mama Chapa aliwaacha waendelee kubwabwaja. Alijaribu nyembamba, vidole vikagonga bati lile lile. Alijaribu nene. Vitufe vilizama kidogo, vikarudi kumpokea, na hakuna kilichouma. Aliandika mstari mzima bila kutazama. Raha ilimpanda hadi mabegani, akataka kuwaambia.

Hapo hapo Babu Birika, muuza kahawa, aliinama naye aone, na mkono wenye birika ukainama pamoja naye. Kahawa yote ikaishia kwenye kibodi ya ile nene.

— Yangu wee! Mama Chapa aliizima, akaipindua. Isipowaka, atakuwa amenunua maiti nyingine, na meza itafungwa kabisa.

— Si niliwaambia kuhusu vitundu? alisema Profesa. — Angalieni sasa.

Wote waliangalia. Kahawa ilikuwa inachuruzika chini, ikitokea kwenye vitundu viwili vilivyotobolewa kiwandani makusudi kabisa, maji yapate pa kutokea. Profesa akavaa miwani yake polepole, akainama kuvihesabu upya.

— Bisibisi! alisema Fundi Waya.

Safari hii Mama Chapa alimsimamia kama askari jela. Skrubu zilitoka moja moja, zikapangwa benchini upande wa tofali. Betri ikachomoka, kibodi ikanyanyuka nzima, ikafutwa na kuanikwa juani. Wakasubiri hadi saa tano na nusu. Fundi akarudisha kila kitu, akafunga, akajipongeza kabla ya wengine kuwahi. Mama Chapa alibonyeza huku amefumba jicho moja.

Ikawaka.

Kelele zilizopigwa zilimsimamisha nesi mmoja aliyekuwa akipita. Aliuliza kama hapa wanaandika barua ya kuomba uhamisho. Mama Chapa akamkaribisha benchini na kuanza kuchapa, macho kwa mteja, vidole vikijiendea vyenyewe. Barua iliisha kabla Profesa hajapata la kukosoa.

— Hii ndiyo yangu, Mama Chapa alisema. — Ile kifuniko nairudisha.

— Si nilisema? walijibu wote watatu.

Nesi aliinuka. Kitu kilikuwa kimemganda kwenye kiganja alichokuwa ameegemeza upande wa tofali. Akakibandua, akakiinua juani: kidogo, cheusi, kina msalaba kichwani.

— Samahani, na hii ni ya wapi?

Tani Kumi aliangalia lori lake. Profesa aliangalia viatu vyake. Fundi Waya alifungua mdomo, neno akiba likafika kwenye meno, akakutana na jicho la Mama Chapa na kulimeza.

— Babu, niongezee kahawa, alisema kwa sauti ndogo.

Babu Birika aligeuza birika juu chini. Halikutoa hata tone.

Mama Chapa alipokea skrubu kutoka kwa nesi, kisha akanyoosha mkono wa pili kwa Fundi Waya.

— Lete na hiyo bisibisi. Kuanzia leo nafungua mwenyewe.