Rafu ya Daktari Wagdi

Sikilizeni wanangu, Nagat na wewe Ragab, sogeeni hapa kitandani mnione mdomo, msije mkasema kesho eti mzee aliropoka kwa homa, kwa sababu hili sikusimuliwa na mtu, nililiona mwenyewe kwa macho haya haya mawili: nilimwona Daktari Wagdi wa Shubra amesimama kwenye kibanda changu cha vitabu pale ukutani Azbakiya, mchana kweupe, jua linachemsha lami, anagombana na kitabu. Kugombana kweli, si mchezo. Anasoma mstari, anakunja uso, anachomoa penseli sikioni, anaandika pembeni ya ukurasa, anasoma tena, anaandika tena, mpaka penseli ikatoa moshi, wallahi, na muuza taamia, zile bajia za maharage, wa ng'ambo akavuka barabara kuja kuuliza kinachoungua ni nini. Alipomaliza akanirudishia kitabu akasema, "Zaghlul, hiki nimeshakitwanga, sasa kitafutie mtu mwenye ubongo akitwange tena." Ndivyo ilivyoanza ile rafu ya juu, ile ambayo watu walikuja kutoka Tanta na Asyut kuja kuisoma wamesimama, wengine mpaka miguu ikavimba wakarudishwa kwao wamebebwa.

Sasa mnanong'ona. Mnadhani mgonjwa hasikii, na mimi nasikia mchwa akitafuna karatasi kwenye kibanda cha jirani yangu Bayumi nikiwa hapa hapa kitandani. Nimesikia Jumamosi anakuja yule Ustadh Ihab, yule wa suti iliyopigwa pasi mpaka inaweza kukata nyama, achukue rafu nzima akaiweke kwenye kabati la kioo lenye jina la Daktari. Na wewe Ragab umeshampa mkono wa makubaliano. Umempa mkono baba yako bado ana joto! Usinitikisie kichwa. "Baba, ni mtu mzuri," uliniambia jana. Mzuri! Hata yule aliyekuuzia pikipiki isiyo na injini ulisema ni mtu mzuri, tukaisukuma kutoka Imbaba mpaka nyumbani kama jeneza.

Mimi huyo mtu simwamini, na nitawaambia kwa nini. Alivihesabu vitabu kwa kidole, kama mayai, hakufungua hata kimoja. Hata kimoja! Mtu anayetaka kitabu kwa moyo hukificha, mnajua wenyewe, mmekulia pale. Anaokota vitatu asivyovitaka, anavilaumu, hiki jalada limechakaa, hiki kinanuka panya, na kile anachokililia anakiweka chini kabisa, jasho linamtoka, halafu anauliza kama hajali, "Na haka katakataka ka chini, babu, unakatoaje?" Huyo ndiye msomaji. Miaka arobaini nimewajua kwa jasho. Huyu wa suti alisimama kavu kama chumvi akasema anavitaka vyote. Mwulizeni cha tatu kutoka kushoto kinasema nini. Mwulizeni tu.

Nipeni maji. Si hayo, hayo nani kayaleta? Ya kwenye gudulia.

Kibanda ni chako, Ragab, na mbao zake, na kiti, na lile birika la chai, na usimwondoe paka. Nyumba hii mtaishi wote wawili, na mkigombana nitarudi. Lakini kitu kikubwa ninachowaachia hakina funguo, ni namna ya kuchagua kitabu, na hili nalisema mimi niliyeishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe mwalimu alinitoa kabla ya sikukuu kwa sababu ya maswali. Nimewachagulia vitabu mahakimu, madaktari, hata jenerali mmoja alikuja na mizinga yake, akaiegesha pale kwenye kituo cha mabasi.

Kitabu usikiamini. Kishuku kama unavyomshuku mtu anayekukumbatia sana mara ya kwanza. Usianzie mwanzo, mwanzoni kila mwandishi kavaa nguo za harusi. Fungua katikati, pale alipochoka, pale anapodhani humwangalii. Soma ukurasa mmoja. Ukijikuta unaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, kweli kabisa, funga haraka uweke chini, huyo anakusifia tu ili akuingize ndani. Ukisikia hasira, ukasikia shingo inapata moto na unataka kumjibu hapo hapo barabarani watu wakuone mwehu, hicho kichukue, hata kama utakosa maharage ya usiku. Na usikipeleke nyumbani peke yake. Kitafutie adui yake. Kama huyu anasema dunia inaharibika, tafuta anayesema inatengenea, walaze mto mmoja wapigane, na wewe kaa katikati unywe chai yako, usimshangilie yeyote mpaka wachoke. Kazi ya akili ni hiyo. Ile ya kumeza vitabu mia kama bata, ukitoka unajua majina ya watu waliokufa, hiyo si kitu, hata kabati linaweza kubeba vitabu mia.

Na Daktari neno lake kubwa lilikuwa moja, mnalijua, liko kwenye kila kitabu cha rafu ile: *Nani kakwambia?* Mwandishi anasema watu wote wanapenda hiki, pembeni penseli: nani kakwambia? Anasema zamani palikuwa na amani: nani kakwambia, ulikuwepo?

Sasa Bayumi. Mtamwita Bayumi aje, hata kama atakuja ananuka vitunguu. Nimekuwa sisemi naye miaka tisa, na mnajua sababu: siku niliyokwenda kuswali Ijumaa akaingia kibandani, eti kunisaidia, akachukua mkate wa mchana, akautoa ule ulaini wa ndani, akafuta penseli yote kwenye vitabu sita vya Daktari mpaka vikawa safi kama vimetoka kiwandani. Ndivyo wanavyofanya pale ukutani wote, najua, kitabu kilichoandikwa-andikwa pembeni hakipati bei, nia yake ilikuwa nzuri. Lakini nilipoona yale makombo meusi mezani nilipiga kelele mpaka njiwa wa Kairo nzima wakahama. Akanijibu mbele ya watu, "We Zaghlul, unalilia maandishi ya mtu mwingine kama mama aliyefiwa! Na huyo daktari wako, mbona miaka yote hii niko kibanda cha pili na sijamwona hata kivuli?" Nikamwambia, "Utamwonaje, na wewe mchana wote unakoroma?" Watu wakacheka. Alikuwa hakoromi, wanangu. Mwambieni anisamehe. Mwambieni alikuwa na haki ya kuuliza.

Nagat, usilie, bado nipo. Wewe ndiye ninayekuogopa. Ulikuwa na miaka kumi na moja, umekaa juu ya boksi, ukachukua kalamu ya shule, chini ya neno la Daktari ukaandika, *Na wewe je, nani kakwambia?* Ragab akakimbia kunishitakia, "Baba, Nagat kaharibu kitabu!" Baada ya siku mbili Daktari akakujibu palepale: *Hakuna. Nilikisia. Umenishika.* Ukaruka ukapiga kichwa kwenye bati. Mkaandikiana miaka saba, wewe na yeye, kitabu hadi kitabu, na leo umekuwa wakili, mashahidi wa uongo wakikuona wanageukia mlangoni, na kila mtu anayekuuliza nani alikufundisha unamwambia Daktari Wagdi wa Shubra. Ulipofuzu ulimpelekea barua ya shukrani kwa mkono wangu. Ninayo. Iko... iko chini ya godoro hili.

Ngoja. Nipumue. Inueni mto.

Jumamosi mtamwambia yule mtu hapana. Ragab, mkono uliotoa utaurudisha kwa adabu, useme baba kakataa, lawama zote zangu. Asiandike jina lile kwenye kioo. Rafu ni ya Nagat. Asiifute mtu kwa mkate, na asiifungie mtu kwa kioo, ikae pale ukutani, anayetaka kuandika pembeni mpeni penseli, hata akiandika upuuzi. Mungu awape macho ya kushuku, na awape na moyo wa kukubali mkishikwa. Awape... awaweke pamoja. Mmenitunza vizuri, kuliko nilivyostahili.

Unaniangalia hivyo, Nagat, kama unavyowaangalia wale kizimbani. Basi. Uliza. Hapana, usiulize, sina pumzi ya kujibu mara mbili. Nilisema nilimwona kwa macho yangu. Sikumwona. Siku mbili zile hukujibiwa kwa sababu nilikuwa natafuta herufi moja moja, nafuta, naandika, napindisha mwandiko usiujue. Nani angesimama juani kusoma maneno ya muuza vitabu wa darasa la nne? Shubra hapakuwa na daktari yeyote, binti yangu. Nilimtunga.