Mteremko wa Juu Asijenge Mtu

Sikilizeni wanangu, na wewe kitindamimba acha kununa, maana jana ulimvunja kaka yako mkono kwa jiwe la sampuli la marehemu baba yenu, nami pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kuamua ugomvi mara mbili.

Baba yenu alikuwa profesa wa kukisia ardhi kwa hesabu. Mimi shule niliiacha mapema, ila kazi yake naijua, alikuwa akiisema hata usingizini: unachoronga shimo hapa, unachoronga pale, hesabu inakwambia katikati kuna nini, kwa kuwa udongo wa jirani hufanana kama ndugu, na ukienda mbali undugu unakwisha. Ndivyo alivyochora ramani ya mteremko wetu. Lakini lori la kuchoronga lilishindwa kupanda, mashimo yote yakawa kando ya barabara, na kule juu akapaka nyekundu, maana yake hapa sijui. Mwenzake wa idarani, Domo-Asali, yule aliyekuwa akitembea na mke wa mkuu wa chuo (msinigunie, nani hakujua?), akaifuta nyekundu ili viwanja viuzike. Baba yenu akamfuata darasani, akamtandika ngumi, meno yakalala mezani. Naye baba yenu akapigwa kiti cha uso, jicho moja likafa. Wakasema profesa kachanganyikiwa, wakajenga. Mvua ikaja, mlima ukashuka na nyumba, na dada yenu aliyeolewa huko nilimtambua kwa mguu, uso haukuwepo.

Leo wewe kitindamimba, uliyegeuka mkandarasi, unataka kujenga hukohuko, na kaka yako aliyerithi hesabu akikwambia subiri unamwita mwoga. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kumbe humu ndani anayesikia ndiye anayevunjwa mkono!

Kiwanja ni chenu wote, hakigawanywi. Asijenge mtu mpaka mmechoronga kule juu, kwa mikono. Mkubwa ataonyesha wapi, mdogo utazungusha chuma mpaka viganja vichubuke. Hesabu ikikataa, pandeni miti, mnyamaze. Domo-Asali akija mazikoni asiguse jembe. Mkitaka kumtandika, ngojeni nifukiwe.

Maji... basi, yatosha. Mungu awape ardhi isiyowahama miguuni, awape... watoto wasiofanana nanyi kwa hasira. Shikaneni mikono, nione. Si huo, mjinga wewe, huo umeuvunja... Huo mwingine. Eeh. Msiachie...