Kibao Chekundu cha Bi Mwanaharusi

Baada ya miaka kumi na tisa mlangoni pa chumba cha upasuaji, mhudumu wetu Bi Mwanaharusi Mshamu anastaafu tarehe 30 Juni 1999. Sheria ya usafi ilimkataza kuingia, naye hakuingia wala hakuchungulia. Sisi wa ndani, nami Johari muuguzi nikiwamo, tulimjua kwa sauti, baadaye kwa mkono.

Alizaliwa Chumbi, akalelewa akijua kwamba hodi ni tatu. Usipoitikiwa, unaondoka bila kinyongo. Mwaka 1987 Shamsia, mzazi kutoka Dimani, aliletwa kwa trekta, uchungu umemshinda. Ndani tulikuwa tunahangaika na mgonjwa anayevuja damu. Bi Mwanaharusi akapiga hodi tatu, hakuna aliyeitikia, akarudi kwenye benchi kungoja kama alivyofundishwa. Tulipotoka, Shamsia tulimwahi. Mwanawe hatukumwahi.

Alitaka kuacha kazi; daktari akamkatalia. Siku chache baadaye akaja na kibao alichokipaka rangi nyekundu, akaomba fundi atoboe tundu ukutani. Mgonjwa wa haraka akifika, kibao kinasukumwa tunduni na kukaa hapo. Wa ndani akipata upenyo anakirudisha nje, maana yake tumesikia. Kabla hakijarudi, yeye habanduki. Wakati wa kuitikia tuliuchagua sisi. Yeye alihakikisha kwamba habari haipotei njiani.

Soko huria lilipochangamka, kila mwenye pikapu akawa na dharura. Tajiri mmoja wa mitumba alitaka kibao kiingie ili daktari amtilie saini karatasi zake. Alipewa benchi na maji ya kunywa, akamaliza jagi zima.

Shamsia alirudi mwaka 1990, uchungu ukimsumbua vilevile. Kibao kiliingia, nikakirudisha mimi, nikamsikia Bi Mwanaharusi huko nje akimshukuru Mungu. Mtoto wa siku ile, Rukaiya, ndiye atakayemkabidhi zawadi leo.

Tulipanga zawadi iwe kibao chenyewe. Amekataa. Amesema kikitoka ukutani tutarudi kwenye hodi tatu, na hilo hataki kulisikia akiwa hai.

Basi pokea khanga hizi na shukrani zetu, Bi Mwanaharusi. Kibao tunabaki nacho. Tunakuombea uzee wa raha na afya. Huko Chumbi, mtu akipiga hodi tatu nawe umelala, lala tu, dada yetu. Ataondoka zake bila kinyongo.