Abdias, Mwandishi wa Majina ya Wakimbizi

Ndugu katika Bwana, mimi Ézéchias, mjomba wa marehemu, njo nasoma maisha yake, kwa kuwa jamaa yetu haina sauti ingine yenye kufika mpaka nyuma.

Abdias Kabange alizaliwa hapa Kamina tarehe 14 Machi 1961, mutoto wa tatu wa dada yangu Laetitia Umba. Alisoma kwa Wamethodisti mpaka diploma, kisha miaka miwili ya ordinatere, ndiyo kompyuta, kule Lubumbashi. Akili hiyo aliitoa kwetu, upande wa mama. Mimi niliachia masomo mwaka wa tano, na bado nilimushinda kwa maneno.

Mwaka 1987 alioa Augustine Ndaya. Barua ya uchumba aliiandika mara mbili: moja alituma, ingine alichunga, isije ikapotea. Tulimucheka mpaka siku ya ndoa.

Mwaka 1998 vita vilituletea wakimbizi wa Malemba-Nkulu. Kanisa likamupa ordinatere aandike majina, ili waliopotezana waonane. Ndani ilikuwa na diski mbili za kuchunga maandishi. Kila jina aliliandika kwa zote mbili. Lakini kutafuta jina kulikawia, musururu wa wenye kuuliza ukafika barabarani.

Nikamuambia, "Weye mupwa, uko na woga kama kuku! Miye nilitumika kwa treni. Lokomotive mbili zikivuta mzigo mumoja, zinaenda mbio. Kata kila jina, nusu huku, nusu kule."

"Mjomba, diski moja ikikufa, tutabaki na nusu ya kila muntu."

Nikamucheka mbele ya bantu siku tatu. Akakata. Musururu ukapungua kweli, nikajisifu.

Jumatatu tarehe 9 Agosti 1999 diski moja ikakufa. Majina 6,212 yakaisha. Jumamosi iliyotangulia, Abdias alikuwa ameona humo jina la Shekina, binti aliyepotea wa Mama Valérie, mukimbizi mumoja; mama huyo alikuja kuuliza kila Jumatatu. Shekina alipelekwa wapi? Abdias hakukumbuka.

Akashika daftari, akazunguka kambi kwa miguu kuuliza upya. Wengi walikuwa wameshaondoka. Alipata majina 840. Oktoba kikohozi kikamushika, dawa hazikupita sababu ya vita. Tarehe 2 Desemba aliniambia, "Mjomba, andika." Nikangoja jina. Akakata roho bila kulitaja.

Ameacha mama yake, mujane Augustine, watoto Béni na Cathy, na mimi niliyemushauri. Mama Valérie iko hapa. Leo asubuhi aliniuliza kama Abdias aliacha neno kwa ajili yake. Nilimuambia hapana.

Mungu amupe Abdias usingizi wa amani.