Ukungu kwenye Karakana ya Saturnini

Benchi letu liko Nachingwea, kwenye kona ya njia iendayo hospitali. Mimi ndiye mchemsha kahawa, kwa hiyo kila upuuzi unaosemwa hapa lazima niusikie, sina pa kukimbilia. Mkabala nasi kuna nyumba ya zamani iliyoachwa na Wazungu wa ule mradi wa karanga wa enzi ya ukoloni, yenye gereji ya gari ubavuni. Gari halipo. Saturnini ameigeuza gereji ile kuwa karakana, humo anatengeneza majeneza. Masika haya ukungu umepanda ukutani, umeingia kwenye mbao, na sasa umemkaa kifuani. Daktari amemwambia wazi: karakana ikauke, la sivyo aache kazi. Mwenyewe ameshasema kwamba mvua zikiisha hali ikiwa hivi hivi, atahamia Ruangwa kwa bintiye Lusiana. Mtaa mzima hatuna fundi mwingine wa kutuzika. Ndiyo maana asubuhi ile hakuna aliyeleta masihara, hata Bilali, mkulima wa korosho tunayemwita Salfa kwa sababu hakuna ugonjwa duniani asiotaka kuupulizia salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho.

Salfa: Ukungu ni ukungu tu. Ubwiriunga kwenye mkorosho ni unga mweupe. Ule kwenye mbao zake nao ni unga mweupe. Dawa ni moja.

Aliyemjibu ni Fidelis, kijana wa bodaboda, jina la kijiweni Spea.

Spea: Mzee wangu, si ulishapuliza? Ulikuja na bomba lako la shambani, karakana nzima ikawa ya njano.

Salfa: Nilipuliza kwa moyo mmoja.

Hapo akaingilia Mwalimu Rogath, mstaafu wetu, anayejua kila kitu isipokuwa wakati wa kunyamaza.

Mwalimu: Na randa zake zikaota kutu, patasi zikawa nyeusi. Salfa ikikutana na unyevu inakula chuma, Bilali.

Salfa: Mikorosho haina chuma, Mwalimu. Ningejuaje?

Alilisema hilo kwa sauti ya chini, akiangalia kikombe. Randa zile Saturnini alizirithi kwa marehemu baba yake, fundi wa misheni. Nilimwongezea Salfa kahawa bila kuombwa, maana nilimwonea huruma.

Mwalimu: Tatizo ni sakafu. Saruji ya zamani inavuta maji kutoka chini. Mbao zisilale chini, ziinuliwe.

Spea: Ameshaziinua, Mwalimu. Kaziweka juu ya matofali. Sasa hivi na matofali yenyewe yana ukungu.

Mwalimu: Basi chini pana tangi. Wale Wazungu walikuwa na treni yao, na treni inakunywa maji. Walizika tangi pale, wakaondoka bila kusema.

Spea: Hilo tangi umeliona wapi?

Mwalimu: Sijaliona. Ndiyo maana nasema limezikwa.

Spea: Mi nimecheki kwenye simu. Kuna mashine unachomeka kwenye umeme, inafyonza maji yaliyo hewani. Jioni unamwaga ndoo nzima.

Mimi: Na umeme ukikatika?

Spea: Ukikatika, unasubiri urudi. Au tumtafutie mkaa. Kuna fundi kule Nanganga anaweka madebe ya mkaa kila kona, unavuta unyevu.

Mimi: Saturnini alijaribu chumvi. Ilivuta kweli, ikayeyuka yote, ikamwachia dimbwi.

Upande wa pili tulimsikia akikohoa, kikohozi kirefu kinachomwinamisha mtu. Salfa akasogea mbele kwenye benchi.

Salfa: Nitasema jambo, msinicheke. Mbao za kile kitanda alichomtengenezea Shehe zilikaa humo humo, mvua hizi hizi. Hazikuota kitu. Za majeneza ndizo zinazoota. Ubao unajua unakopelekwa.

Spea: Aah, mzee, hapo sasa unatutisha.

Mwalimu: Kitanda kilikuwa cha mkongo, mbao ngumu na kavu. Majeneza ni msonobari, tena mbichi.

Salfa: Basi msonobari ndio wenye akili.

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama karibu nasi, khanga mabegani, viatu vina tope. Hatukumwona alivyofika.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama. Karibu kahawa.

— Asante, sitakaa. Naitwa Prisila, natoka Chiola. Mama yangu amefariki hospitalini alfajiri. Nimeambiwa hapa kuna fundi Saturnini.

Tukampa pole, kila mmoja kwa zamu yake. Mwalimu akavua kofia na kumwonyesha gereji.

— Pale? Prisila akauliza. Nimepita pale mara mbili. Mlango umefungwa, dirisha limepigiwa bati. Nikajua ameshaacha kazi. Kwani kwa nini amejifungia?

Salfa aliangalia miguu yake. Spea akatoa simu mfukoni, akairudisha bila kuiwasha. Mwalimu, aliyetuzikia tangi zima chini ya ardhi dakika chache zilizopita, akawa anaikunja kofia yake.

Tulijua sote. Zamani mlango ule ulikuwa wazi mchana kutwa, majeneza yanakauka kwa upepo, na sisi tunakunywa kahawa tukiyatazama. Hatukuyapenda. Tukasema wagonjwa wanaopelekwa hospitali wakiyaona wanavunjika moyo, watoto wanaogopa. Ukweli ni kwamba tuliogopa sisi. Tukamtuma Mwalimu akamwombe kwa lugha nzuri awe anafunga mlango, na bati la dirishani tulimpelekea wenyewe.

Saturnini akatokea mlangoni, pengine alisikia sauti ngeni. Alikuwa na vumbi la mbao kwenye nyusi. Prisila akavuka njia, akamsalimu, kisha akamuuliza lile lile.

— Baba, mbona unafanya kazi gizani hivi?

Saturnini alitutazama. Hakukasirika, na ingekuwa nafuu kwangu kama angekasirika.

— Wenzangu hawapendi kuyaona, mwanangu.

— Hata mimi sipendi, akasema Prisila. Lakini mama nitamzikia kwenye nini?

— Lipo moja. Lina ukungu kidogo upande mmoja, nitalipiga msasa. Ingia ulitazame.

Nilitamani mmoja wetu ainuke akang'oe lile bati. Nilimsubiri Salfa, nikamsubiri Mwalimu, na nadhani wao walinisubiri mimi. Saturnini akampisha Prisila atangulie, akaingia nyuma yake. Kisha akauvuta mlango mpaka ukafungika, kama tulivyomwomba. Tulimsikia akianza kukohoa.