Bwana Manase na Barua Kumi na Nne za Mkwaja

Miaka ishirini na minane na miezi minne imetimia tangu Bwana Manase Semkiwa aketi kwa mara ya kwanza katika duka la cherehani la Barabara ya Kumi na Mbili, hapa Ngamiani. Leo, Jumamosi tarehe 28 Desemba 1957, anastaafu. Saa sita mchana alifunga kidau chake cha wino, akafuta kalamu kwa kitambaa cha bluu tunachokijua sote, kisha kitambaa akakitia mfukoni. Sasa ameketi mbele yetu katika koti lake la Jumapili, ingawa leo ni Jumamosi, nami nimeombwa niwe mfupi kwa sababu pilau iko tayari.

Bwana Manase alizaliwa karibu na Muheza, akasoma shule ya misheni, na alipofika Tanga mwezi wa Agosti 1929 aliajiriwa kuandika majina juu ya makasha. Wakati huo duka lilikuwa la marehemu baba yake Bwana Shehe Mjaka, mwenye duka wetu wa sasa. Watu wengi walikuwa wakiingia kutazama tu. Walizungusha gurudumu, wakapapasa mbao, wakauliza kama sindano itapenya kitambaa kizito cha marekani, kisha wakasema, “Haya, tutarudi,” wakaenda zao. Hakuna aliyewafuatilia. Bwana Manase aliwaangalia kwa miezi miwili, halafu akaomba ruhusa ya kuwaandikia barua hao waliosema watarudi. Marehemu alimjibu, “Waandikie, lakini makasha yasikusubiri.” Akapewa meza ndogo karibu na dirisha, na hapo ndipo amekaa mpaka leo.

Alikuwa na daftari, na daftari hilo halikuwa la majina tu. Mtu akishatoka mlangoni, Bwana Manase aliandika alichokishika mtu huyo na alichokisema. Ukurasa mmoja nimeuona kwa macho yangu: “Bi Semeni, Muheza. Amekanyaga mara tatu. Anaogopa kelele zitamwamsha mtoto.” Barua aliyopelekewa Bi Semeni haikutaja bei wala rangi. Ilimweleza kwamba kipande cha blanketi kikiwekwa chini ya miguu ya cherehani, mtoto huendelea kulala. Bi Semeni alikuja dukani na kipande cha blanketi mkononi.

Barua ya kwanza ilitoka siku ya saba. Ikitoka siku ya tatu, alisema, mtu huona anakimbizwa; ikingoja mwezi, amekwisha kumsahau hata karani. Kila barua ilibeba jambo moja la kumfaa mtu hata asiponunua kitu: namna ya kukata kanzu bila kupoteza kitambaa, au namna ya kuzuia sindano isiliwe na kutu kwa hewa ya chumvi. Mwisho iliuliza swali moja tu, tena jepesi, ambalo mtu aweza kulijibu kwa mdomo kupitia kwa dereva wa basi. Neno “kukumbusha” lilipigwa marufuku kwenye meza ile. Na mtu akisema hataki, aliandikiwa barua moja ya shukrani, basi.

Lakini ufundi wake mkubwa ulikuwa huu: Bwana Manase hakumwandikia mtu mmoja. Alijua kwamba barua ikifika shamba husomwa kwa sauti, na mwalimu au mtoto wa shule, mbele ya mke, jirani, na yeyote aliyepita kuomba moto. Kwa hiyo aliwasalimu wote. Mwuza machungwa mmoja aliwahi kusema hapa dukani, kwa kujifurahisha tu, kwamba mkewe Asmahani amechoka macho kwa sindano ya mkono na anastahili cherehani. Barua ilipofika, mwanawe mwenyewe aliisoma nyumbani: “Msalimu sana Bi Asmahani, ambaye ulituambia kwa huruma kwamba macho yake yamechoka na kwamba anastahili cherehani.” Siku tatu baadaye bwana yule alisimama mlangoni petu.

“Bwana Manase, umenifanya nini? Tangu juzi nalishwa muhogo mkavu.”

“Mimi nilisalimu tu, bwana.”

“Basi nipe hiyo cherehani, nikale wali.”

Si kila siku alifaulu. Mwaka 1938 duka lilinunua taipureta, naye akajaribu kuwaandikia wateja kwa taipu. Mkulima mmoja wa Maramba alipoona bahasha yenye herufi za mashine alidhani imetoka bomani kwa ajili ya kodi. Hakuifungua. Alihamia shambani akalala huko siku mbili. Mkewe alipopata mtu wa kuisoma, walikuta bwana anasalimiwa na kuulizwa kama goti la mama yake limepata nafuu. Tangu hapo taipureta ilibaki ya hati za forodha, na wateja wakaandikiwa kwa mkono.

Mara nyingine alimwandikia barua tatu mtu ambaye hatimaye alijibu kwamba dukani aliingia kujikinga na mvua. Bwana Manase alimshukuru, akamweleza kwamba paa letu ni imara na masika yanakaribia. Mtu yule hajanunua mpaka leo. Hata hivyo mvua ikinyesha huja, na mara mbili amekuja na shemeji zake, ambao walinunua.

Mwaka jana mkono wa kulia wa Bwana Manase ulianza kutetemeka. Siku hizo mimi nilileta cherehani ya mama kwa fundi Msafiri, anayetengeneza mashine za duka hili, nikiwa na daftari langu la shule kwapani. Bwana Manase aliomba kuliona. Alizitazama herufi zangu kwa muda, akasema, “Mwanangu, walimu wako wamekufundisha kuandikia macho. Njoo Jumamosi ujifunze kuandikia masikio.” Tangu siku hiyo, kila Jumamosi yeye amesema nami nimeandika. Barua ikiisha niliisoma kwa sauti. Nikiishiwa pumzi kabla ya nukta tuliikata sentensi, maana mwalimu wa kijijini naye angeishiwa. Nakala tulizitia katika faili, ambalo Bwana Shehe alilichukua nyumbani kila Jumamosi ili alikague. Jumatatu lilirudi likinukia udi.

Sasa nifike Mkwaja. Mwaka 1952 alikuja kutoka kijiji hicho Bwana Idarusi, fundi wa kushona kanzu kwa mkono. Alikaa mbele ya cherehani ya dirishani muda wa vikombe viwili vya chai, akasema atarudi. Aliandikiwa siku ya saba. Alijibu kwa mdomo wa dereva kwamba barua imefika, ni nzuri, na anafikiri. Akaandikiwa tena, na tena, na kila mara jibu lilikuwa lile lile. Kufikia mwezi uliopita barua zilikuwa kumi na tatu. Fundi Msafiri alimwita Bwana Idarusi mchumba wa Bwana Manase, na kila dereva alipopita alizoea kumwuliza Bwana Manase, “Mzee, mahari hajaleta tu?”

Bwana Shehe hakucheka. Alisema barua kumi na tatu kwa mtu mmoja ni stempu zilizotupwa baharini, na kwamba Bwana Manase akiondoka, meza ya dirishani itaondolewa na mahali pake patawekwa makasha ya nyuzi. Kazi ya barua ingekwisha hapo. Bwana Manase alimwomba jambo moja tu: Bwana Idarusi akija kununua kabla ya siku ya kustaafu, meza ibaki na barua ziendelee. Walishikana mikono.

Barua ya kumi na nne niliiandika mimi kwa maneno yake. Haikutaja habari ya meza, kwa sababu, alisema, mteja habebeshwi shida za karani. Ilieleza namna ya kupiga pasi kola isijikunje, ikasema kwamba mwandishi anastaafu mwisho wa mwaka, kisha ikauliza: je, barua hizi zilikufaa?

Jumamosi iliyopita Bwana Idarusi aliingia dukani, vumbi la safari limemfika hadi kwenye nyusi. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akamtazama Bwana Manase.

“Umezeeka, karani. Barua zako hazikuzeeka.”

“Karibu, bwana,” alisema Bwana Shehe. “Umekuja kununua?”

“Kununua ningeweza tangu mwaka wa hamsini na tatu. Lakini nikinunua, nani ataniandikia tena? Barua ikifika, barazani kwangu hapatoshi. Mwalimu huisoma mara mbili. Jirani yangu Bi Mwanamkasi huleta mkeka wake mwenyewe. Ningenunua, hayo yote yangekwisha.”

Bwana Shehe alimgeukia Bwana Manase. “Umesikia? Uandishi wako ndio uliozuia biashara.”

Bwana Manase alianza kufuta kalamu ambayo ilikuwa safi.

Ndipo fundi Msafiri alipoinua kichwa nyuma ya mashine aliyokuwa akiitengeneza. “Ngoja, tajiri. Mimi kila mwaka naenda Mkwaja kutia mafuta cherehani sita. Zilifikaje huko?”

Bwana Idarusi alihesabu kwa vidole. Mwalimu alinunua, kwa kuwa yeye ndiye msomaji. Bi Mwanamkasi alinunua baada ya barua ya kukata kanzu, na kaka yake baada ya ile ya kutu. Mwenye mgahawa hajui hata kutunga uzi kwenye sindano, lakini aliona haya kukaa barazani pale bila cherehani. Mbili za mwisho zilikuwa za ndugu wawili wasiosemezana: mmoja alipochukua, mwenziwe hakupata usingizi.

“Wote walisikia barua zangu, wakaja kununua hapa bila kuzitaja,” alisema Bwana Idarusi. “Niliyesikiliza bure ni mimi peke yangu.”

Bwana Shehe aliketi juu ya kasha. Bwana Idarusi akaweka mkono juu ya ile ile cherehani ya dirishani, akasema anaichukua, lakini kwa sharti kwamba barua ziendelee. Bwana Shehe alikubali kwamba walishikana mikono na meza itabaki. Lakini nani ataandika? Bwana Manase alinitazama mimi, nami nikatazama sakafu.

“Huyu bado mtoto wa shule,” alisema Bwana Shehe.

“Darasa la nane amelimaliza mwezi huu,” alisema Bwana Manase.

“Nitafikiri,” alisema Bwana Shehe, na fundi Msafiri akakohoa kwa muda mrefu.

Leo ni siku ya saba. Kwa jinsi nilivyofundishwa, simkumbushi mtu jambo lolote. Namsalimu tu Bwana Shehe. Namsalimu pia Bwana Idarusi, ambaye amebaki mjini kwa mpwawe wiki nzima na sasa ameketi safu ya tatu, hali cherehani yake imefungwa karatasi na kuwekwa dirishani mpaka ajue nani atamwandikia. Namsalimu sana Bi Mwatima, mkewe Bwana Shehe, ambaye kila Jumamosi husomewa faili letu na mumewe mwenyewe, na ambaye asubuhi ya leo, tulipokuwa tukichagua mchele, aliniambia kwamba barua za Mkwaja ndizo azipendazo na kwamba huomba zirudiwe. Tunamshukuru kwa udi.

Jambo la kuwafaa wote ni hili: cherehani inayokaa dirishani ifunikwe kitambaa, ili mkanda wake usikaushwe na jua. Na swali ni moja, ambalo Bwana Shehe aweza kulijibu kwa mdomo kabla ya pilau: Jumatatu nije saa ngapi?

Bwana Manase, tunakushukuru kwa kila salamu uliyotuma, na kwa kila sentensi uliyoikata ili mtu asiishiwe pumzi. Uende kwenu Muheza kwa amani. Mkono wako upumzike, michungwa yako izae, na wageni wako waje wakiwa na habari njema. Ukishafika hesabu siku, na siku ya saba utume mtu posta. Kutakuwa na barua yako.

Mwatumu binti Uweso