Dada Aliyetunyima Kibali

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mazingira, wenzangu wa viwandani, ndugu wageni waalikwa, na wewe dada yangu uliyekaa hapo mbele ukijifanya unasoma ratiba: habari za mchana.

Nimeombwa niseme kwa niaba ya viwanda. Mimi ni msimamizi wa tanuru katika kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu, na mkaguzi tunayemuaga leo ni dada yangu wa tumbo moja. Kibali chetu cha hewa kilipokwisha muda, miaka mitatu iliyopita, aliomba faili apewe mwingine. Ofisini hapakuwa na mwingine.

Siku ya ukaguzi tuliijua. Tukazima tanuru moja kati ya mawili, tukafagia uwanja, hata maua tukayamwagilia. Kipimo cha moshi kikasoma vizuri, nami nikamkonyeza. Yeye akatoka getini, akazunguka uchochoro wa nyuma, akamkuta mama mmoja ameanika nguo sebuleni na nje jua linawaka.

“Mbona ndani, mama?”

“Leo wamepumzika, mwanangu, lakini siwaamini hao.”

Wiki iliyofuata akarudi bila taarifa, akapima upya, akatunyima kibali. Tulifunga miezi minne. Nilimfuata kwake nimefura, nikamwambia, “Unanitoa tonge mdomoni, mimi mdogo wako?”

Akanijibu taratibu, “Yule mama ana mjukuu hapati usingizi kwa kukohoa. Nikamwambie nini, kwamba msimamizi ni mdogo wangu?”

Niliondoka bila kuaga. Machujio ya moshi yakawekwa, kibali kikatoka, kazi ikarudi. Mimi kwake sikurudi.

Ndugu zangu, ni nani kati yetu angethubutu kumkatalia ndugu yake akijua atampoteza? Mwaka uleule kikohozi changu, nilichokuwa nikisema ni cha baridi, kiliondoka. Niliijua sababu na bado nikanyamaza. Simu zake sikupokea. Wanangu wakiuliza shangazi yuko wapi, nikawaambia ana kazi nyingi.

Dada, hukuwa na kazi nyingi. Mimi ndiye niliyekuwa na kiburi, na maua yale niliyamwagilia kwa mkono wangu. Nisamehe. Nimekukumbuka sana.

Mheshimiwa, wageni waalikwa, nawashukuru kwa kunivumilia. Hotuba ilikuwa na kurasa mbili zaidi, lakini naona dada yangu amesimama, naomba mniruhusu nishuke.